Maharage ya Bi Swafiya na Kanda ya Video

Swafiya binti Maneno bin Hamisi, mzaliwa wa Biryogo, Kigali. Babu yake Hamisi alitoka Ujiji na mizigo ya nguo, akaoa hapa, hakurudi tena. Baba yake Maneno alishona kanzu za nusu ya mtaa. Yeye mwenyewe alishika chaki mwaka wa uhuru, na wengi wenye mvi mjini leo walijifunza kusoma kwake. Waulizwe.

Mwaka wa themanini na nane magoti yake yalikwisha kuchoka. Ndipo shule ikapewa kanda ya video ya kufundishia mimea, inayosema Kifaransa, bila mashine ya kuichezea. Mashine ya karibu ilikuwa ya Rutayisire, mwenye banda la sinema za karate chini ya mteremko. Akakubali kulipokea darasa la sita asubuhi, kabla ya wateja wake.

Watoto wakaona haragwe likivimba, likipasuka, mzizi ukishuka, shina likiinua kichwa, majani yakifunguka. Yote hayo hata chai haijapoa.

"Picha inapepesa," alisema Rutayisire, akiipiga mashine kofi ubavuni. "Iko na uchafu ndani."

Waliporudi darasani wakapanda maharage yao kwenye mikebe. Kesho yake Swafiya akakuta udongo umetapakaa dirishani na maharage yamelala nje, makavu.

"Mwalimu, ya kwetu ni mabovu," alisema Uwimana, msemaji wa darasa. "Tumeyafukua, hayana kitu."

"Nani kawaambia mfukue?"

"Ya video yalitoka pale pale. Labda ya Wazungu yanakula vizuri."

Akapanda nao upya. Wakafukua tena, na safari hii wakayabandua maganda ili kuyasaidia. Swafiya akakaa kwenye dawati la mbele. Hakugomba. Hata kugomba kunataka nguvu.

Mkuu wa shule, Nsengiyumva, akamwita. "Bi Swafiya, wazazi wanasema tunawapeleka watoto kwenye karate. Siku ya mkutano nataka waone mimea. Wasipoiona, kanda inarudi ilikotoka, na masomo ya video basi."

Alirudi darasani polepole. Mizizi ya chaki alikuwa ameichora miaka yote, na alijua haikai kichwani mwa mtoto. Kanda hii hakutaka iondoke.

Akawashusha tena bandani. Siku hiyo hakuliangalia haragwe, aliuangalia ukuta ulio nyuma yake kwenye picha. Kivuli kilipita, mwanga ukaja. Kivuli, mwanga.

"Rutayisire, acha kuipiga hiyo mashine. Haina ugonjwa."

"Basi kanda yako ndiyo iko mgonjwa, mama. Karate haipepesi hivi."

"Huo ni usiku na mchana. Mpiga picha alipiga moja, akaenda kula, akalala, akarudi akapiga nyingine. Kivuli kikipita, kumekucha."

Uwimana akakunja uso. "Kwa hiyo alingoja?"

"Alingoja."

"Bila kufukua?"

"Angefukua, leo ungeona nini?"

Rutayisire akairudisha kanda mwanzo bila kuombwa. Kila mwanga ulipokuja, benchi zima likasema, "Kumekucha," na yeye pamoja nao.

Wakapanda mara ya tatu. Hakuna mtoto aliyefukua. Aliyekamatwa na kidole mkebeni ni Mukeshimana, mwalimu mgeni wa darasa la tano.

"Nilikuwa napapasa tu, mama."

"Papasa meza."

Siku ya mkutano majani yalikuwa hayajafunguka. Zilikuwako shingo zilizopinda, na mikebe mingine ilikuwa na ufa tu kwenye udongo.

"Ndiyo haya?" aliuliza Nsengiyumva.

Nyirahabimana, mama yake Uwimana, alikuwa amekuja kulalamikia karate. Yeye ni mkulima. Akainama akatazama kwa muda. "Shingo hizi ni nzuri," alisema. "Huyu wangu amenikataza kugusa tuta langu, eti usiku wake haujatimia. Mpelekeni tu bandani, mradi arudi."

Wazazi wengine wakacheka, na shauri likaishia hapo.

"Basi kanda ibaki," alisema Nsengiyumva. "Lakini nani atawashusha kila juma? Peke yao hawaendi." Akayatazama magoti ya Swafiya, akatazama pembeni.

Swafiya alidhani kanda ikibaki atafurahi. Akajiona anataka kukaa tu. Akamwita Mukeshimana.

"Utawashusha wewe. Tembea nyuma ya mstari, wa mbele hawapotei. Juma lijalo ni maua ya maboga. Wafupi wakae mbele, na usiwaeleze kitu mpaka wakuulize."

"Wasipouliza?"

"Rudisha kanda mwanzo. Haya, nenda kaimwagilie maji hiyo mikebe."