Aliyebeba Lawama ya Shimo Langu

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemfahamu. "Shikamoo baba. Mume wangu ndiye alikuwa anakunyonyea shimo la choo hapo mtaani Ilazo. Ametutoka. Tunazika kesho, kijijini Haneti." Wasomaji wangu, nilimfahamu dereva huyo wa gari la majitaka kwa miaka tisa, na ndiyo kwanza siku hiyo nikajua kwao ni Haneti.

Mara ya kwanza alipokuja, alimaliza kunyonya akaniita nichungulie. "Mzee, usisubiri lijae. Tope linakaa chini, maji yanapita juu kwenda shimo la pili. Tope likifika kwenye bomba, na lile la pili litaziba. Niite kila baada ya miaka mitatu, hata kama husikii harufu. Ukiongeza wapangaji, miwili." Niliitikia vizuri kabisa. Kisha nikaongeza wapangaji, nikakaa miaka sita. Mara mbili alipita kunikumbusha, nikamwambia bado.

Mvua za Januari zilipokolea, shimo likafurika. Uchafu ukateremka hadi kwa jirani yangu, mjane kutoka Kondoa, ukaingia kwenye mchicha anaouza sokoni. Aling'oa bustani nzima. Nikampigia dereva. Ilikuwa Jumapili, akaja na suruali yake ya kanisani. Mama yule akauliza mbele ya watu, "Hili kosa la nani?" Nikatazama chini. Dereva akanitazama, akasema, "Nisamehe, mama. Mzee aliniita mapema, mimi ndiye nilichelewa."

Nami, ambaye kila wiki katika safu hii nawahimiza wakubwa wa serikali kule Mtumba wawajibike, nikanyamaza. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilisimama wima, nimejifunika kwa jina la mtu mwingine. Mtaa ukaacha kumwita, eti ni mtu wa kuchelewa. Miaka mitatu nilisikia maneno hayo, nikayaacha yapite.

Nilipotoka mazishini nilikwenda moja kwa moja kwa jirani. Nikamwambia, "Yule hakuchelewa. Mimi ndiye sikumwita."

Aliendelea kuchambua mboga. "Nilijua siku ileile, ulipotazama chini. Nikawa nangoja useme, angalau na yeye asikie."

Shimo la nyumbani linyonywe kila baada ya miaka mitatu. Hilo mtoto wa shule anaweza kulikumbuka. Kinachotushinda watu wazima ni kukiri kosa wakati aliyelibeba bado ana masikio ya kutusikia.