Viazi Vyenye Kubakia

Asubuhi ya kwetu, huku juu ya Kingi, inakuja pole pole. Ukungu unashuka toka mulima, unapita mu mikalitusi, unaingia mupaka mu jikoni sawa mutu wa nyumba, na kwa muda huwezi kujua kama ng'ombe yenye inalia iko ya kwako ao ya jirani. Njo saa ile nilikuwa ninafungua simu. Mwanamuke wa mu programu alianza na Kifaransa chake cha sukari, “Bonjour! On y va?”, ni kusema twende, na mutoto wangu mukubwa, musichana, alijifunika kitenge changu mu mabega na kujibu, “Oui, madame,” kama vile yule mama alikuwa anamuona.

Shule ilikuwa imejaa watu wenye walikimbia vita. Walikuwa wanalala mu madarasa na kupikia pa mulango. Sikuwanungunikia hata kidogo, nani angefukuza mutu na watoto mu mvua? Lakini mwaka ulikuwa unapita. Mimi niliishia mu ya tatu ya sekondari, Kifaransa changu kinatembea na fimbo, lakini nilisema: huyu mutoto hatakaa bure. Hesabu asubuhi, Kifaransa nyuma ya kupalilia maharagi. Mudogo wangu wa Goma njo alinitilia ile programu mu simu, ikuwe inatusaidia pale kichwa yangu inaishia. Simu ilikuwa inakunywa moto ku panneau ya jua ya jirani. Siku ya soko tulikuwa tunapanda pa kilima, kwenye réseau inashikaka, tunashusha mazoezi mapya na kurudi nayo nyumbani kama watu wenye wametoka kuchota maji.

Ningali ninaota kile kilima. Majani yenye maji, upepo, mawingu chini ya miguu yetu. Musichana alikuwa anainua simu juu na mikono mibili, macho kwenye ile mistari ya réseau, na kusema, “Mama, inakuja... inakuja... imekimbia.” Mazoezi yakimalizika kuingia, nilikuwa ninachukua simu na kuitisha namba ya bwana yangu. Sauti ingine ya mwanamuke ilikuwa inaniambia namba ile haipatikane.

Bwana yangu alikuwa ameenda Walikale kwa wajomba wake, kule mu pori, kutafuta mafuta ya mawese ya kuja kuuzisha huku. Barabara ilifungwa nyuma yake. Maharagi ilitoa maua, ikakauka, tukapanda ingine. Koko, mama yake, hakulia hata siku moja mbele yetu. Alifanya tu kile kwao walifanyaka tangu zamani: mutu akiwa safarini, sahani yake inapakuliwa kila mangaribi sawa ya wengine, inafunikwa na jani la ndizi, inawekwa karibu na moto. Asubuhi watoto wanaigawana, na mangaribi inapakuliwa ingine. Koko, watoto tatu na mimi, tulikuwa watu tano. Sahani zilikuwa sita. Musichana njo alikuwa anapakua, na hakuna mwenye alimufundisha hesabu ile.

Kilichokuwa kinaninyima amani ni maneno ya directeur wa shule. Nilikutana naye pa kutoka misa, akaniambia wazi: “Mama, siku tutafungua, kila mutoto atafanya test. Mwenye atapita, ataingia ya sita na wenzake. Mwenye atakosa, tutamurudisha ya ine.”

Ya ine njo darasa ya mudogo wake. Musichana aliposikia, alishika kichwa. “Mama weee! Nikae banc moja na ule mwenye ninamupanguzaka kamasi?”

Nilicheka, lakini ndani roho ilinikauka. Huku kwetu, musichana akirudishwa nyuma, watu wanaanza kusema heri abaki ku shamba. Nyuma ya shamba ni ndoa. Niliwaona wenzangu wa darasa wakiishia pale, mumoja mumoja, na walikuwa na akili kunishinda.

Kwa hiyo tulijifunza. Kwa Kifaransa hakuwa mubaya. Siku moja tu programu ilimupa maneno ya kujaza, kila mangaribi papa anarudi nyumbani, na yeye akachagua “rentrera”, atarudi. Jibu ikatoka nyekundu, kosa. Nilimuambia waliandika “kila mangaribi”, ni kitu ya siku zote. Akarekebisha.

Koko alikuwa anatusikiliza toka jikoni, akimenya viazi. Yeye hakuwa na imani na simu, lakini alimupenda yule mama wa sauti ya sukari. Siku moja, mvua inanyesha pole pole na sisi wote tuko nusu usingizini, aliuliza, “Yule mugeni anaongea tangu asubuhi. Alishakula?”

“Koko, ni mashini!” watoto wakapasuka na kicheko.

“Hata kama. Munamufanyisha kazi na tumbo wazi.”

Shida ilianza na kugawanya. Programu iliuliza: mama iko na viazi 18, anagawia watu 5. Kila mutu anapata ngapi, na vinabaki ngapi? Musichana hakukawia. Kila mutu tatu, kunabaki zero. Nusu ya jibu ikawa kijani, nusu nyekundu.

“Essaie encore,” yule mama akasema, jaribu tena.

Alijaribu tena. Zero. Nyekundu.

“Tano mara tatu ni ngapi?” nikamuuliza.

“Kumi na tano.”

“Toka kumi na tano mupaka kumi na nane?”

“Tatu. Lakini Mama, hazibakie. Zile tatu ziko na mwenyewe.”

Kesho yake programu ilimuletea mikate, kesho kutwa machungwa. Kila mara alikuwa anaongeza mutu mumoja mwenye hakuwa mu hesabu. Nilimueleza kwa upole. Nilimueleza kwa mawe ya jikoni. Mwisho, hasira ilinipanda, na hasira yangu haibishake hodi. Nilipiga meza mupaka simu ikaruka.

“Hesabu watu wenye wanaonekana! Umesikia? Wenye wanaonekana!”

Kule jikoni kisu ya Koko ilinyamaza. Musichana akashusha macho na kugusa tatu. Kijani. Nyota za rangi zikaanza kuanguka kwenye kioo, yule mama akapiga makofi, “Bravo! Bravo!”, na pale mezani hakuna mwenye alikuwa na furaha. Nilitoka inje nikajifanya ninatafuta kuku.

Toka siku ile hakukosa tena. Viazi, mikate, machungwa, vyote vilibaki sawa programu ilitaka. Nilipaswa kufurahi. Kweli nilifurahi. Lakini sahani sita ziliendelea kutoka kila mangaribi, na mimi nikajiambia, basi, mutoto ameelewa kwamba ya simu ni ya simu na ya nyumba ni ya nyumba.

Watu wa vita walipohamia pengine, shule ilifunguka, wakati ukungu ulikuwa muzito kabisa. Nilimusindikiza mupaka pa barazani, nikaona anaingia kufanya test, sweta yake ya bluu ikapotea mu weupe wa ukungu. Nilikaa juu ya jiwe pamoja na wamama wengine. Tuliongea mbegu, tuliongea bei ya chumvi, hakuna mwenye alikuwa anasikia mwenzake. Directeur alipotoka na kusoma majina ya wenye kuingia ya sita, na ya mutoto wangu ikatoka kati kati, nilipiga mulio mupaka mbuzi za watu zikakimbia. Musichana alikuja mbio, akanigonga tumboni na kichwa sawa ndama.

“Mama, waliuliza kugawanya! Ya kubakia nayo! Nilipata!”

Siku nzima ile nilitembea sawa mutu mwenye kulewa pombe ya ndizi. Mangaribi nilipika viazi na mboga ya lengalenga, nikatia mafuta ya mawese ile kidogo yenye nilikuwa ninachunga. “Leo njo siku yako,” nikamuambia. “Wewe mwenyewe upakue.”

Alipakua akiwa anaimba. Koko, sahani yake. Wadogo, sahani zao. Yangu, yake. Halafu aliweka mwiko mu chungu, akakaa.

Nilingoja. Karibu na moto, pale pa kila siku, hapakuwa kitu. Jani la ndizi lilikuwa limekunjwa pembeni. Koko alikuwa ameangalia sahani yake bila kuigusa.

“Na ya Papa?” nikauliza.

Hakuniangalia. “Nilihesabu wenye wanaonekana, Mama.”

Ee Mungu wangu. Sikujua kama maneno ya mutu inaweza kumurudilia hivi, na sauti ile ile. Hakusema kwa ubaya. Alisema vile alikuwa anajibu programu, mutoto mwema mwenye hataki tena nyekundu. Nikaona kama kukosa ile test kungeniuma kidogo kuliko hii. Nilisimama, nikachukua sahani tupu, nikagawa viazi vyangu nusu, nikavitia, nikafunika na jani. Sahani ilikuwa karibu tupu, ya aibu, sahani yenye huwezi kumupa hata mugeni wa bahati mbaya.

Musichana aliangalia ile sahani. Moshi ulikuwa unapita kati yetu na inje ukungu ulikuwa umefunga mulango.

“Essaie encore, Mama,” akasema pole pole.

Akaleta sahani yake karibu na ile ya Papa, akainua jani, akaanza kuongeza viazi vyake kimoja kimoja. Koko akasogeza ya kwake.