Magofu Niliyowaonyesha Walimu Bangwe

Wenye wivu wa mtaani kwetu Kasingirima wameshaanza kuyasimulia mambo ya Bangwe wapendavyo, kwa hiyo bora niseme mwenyewe. Niliishia darasa la nne, lakini duka langu la matairi kila dereva wa Kigoma analijua. Majuzi nikaanzisha utalii: wageni wanakaa juu ya tyubu za lori, nawavuta kwa boti polepole kando ya ziwa mpaka kwenye magofu ya Bangwe.

Kundi la kwanza lilikuwa la walimu wanane kutoka Tabora. Mkuu wao, mama mkali mwenye miwani, aliahidi kwamba wakiridhika ataleta shule nzima. Sasa niambie, ukiona kuta zimesimama majini, zimeota majani, utasema ni za jana? Mimi mtu wa dukani, ufukweni nashuka mara ngapi?

"Hili lilikuwa jumba la tajiri wa enzi za misafara," nikawaeleza kwa sauti ya kutosha. "Chumba hiki kidogo alifichia pembe za ndovu."

Walimu wakaandika. Mkuu akashuka kwenye tyubu, akaingia humo, akaegemea ukuta, akapigwa picha.

Bibi mmoja aliyekuwa akianika dagaa akaja mbio mpaka maji ya magoti.

"We baba, unawadanganya nini watoto wa watu? Hiyo nyumba yangu! Tumehama juzijuzi ziwa lilipojaa."

"Na hiki chumba, bibi?" mkuu akauliza.

"Choo hicho, mwanangu. Toka, utateleza."

Walimu wote wakanigeukia.

"Choo nacho ni historia," nikawaambia. "Andikeni."