Nilimhubiria mgonjwa habari za mbinguni, akasema haendi

Wakuu, heshima zenu. Nawaandikia kutoka Dodoma, hii hii inayotawaliwa na Mdachi, yaani Mjerumani, na sitii chumvi hata punje.

Mimi ni mtu wa pwani, mwalimu wa dini kwenye hospitali ya misheni. Kazi yangu ni kukaa na wale ambao daktari ameshanyoosha mikono, ili wasiondoke na hofu. Kazi naipenda, na mdomo ninao. Ndio ulioniponza.

Aliletwa Mzee Ndahani, mfugaji wa Kigogo, ana uvimbe tumboni. Daktari akaninong'oneza kwamba huyu mwezi haumalizi.

Nikavuta kigoda nikaanza kumsifia mbinguni. Nikamwambia ni mji, una ukuta mrefu, una malango kumi na mawili, na kila lango lina malaika amesimama.

Kisha akauliza kama hao wa langoni wana bunduki.

Sasa wakuu, mji wenye ukuta na walinzi anaoujua yeye ni mmoja tu, boma la Mdachi. Aliwahi kulambwa viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, pale kwa kukataa kubeba mizigo ya bwana wa Kidachi. Akasema huko haendi, akageukia ukutani.

Siku tatu uji hataki, sala hataki, usingizi hana. Nililia, sioni aibu kusema. Mtu anakufa na hofu, na hofu yenyewe nimempa mimi!

Siku ya nne nikafunga mdomo, nikamuuliza tu moyo wake unataka nini.

Akasema alitoka kwake amebebwa kwenye machela, hakuwaaga ng'ombe wake.

Nikamwendea Sista msimamizi wa wodi, Mdachi mmoja mkali huyo, usiombe, nikaomba ng'ombe waletwe. Akakataa katakata, hospitali ni usafi. Nikambembeleza mpaka akakubali wapite nje ya uzio, sisi tutoe kitanda barazani.

Asubuhi mkewe akaja na kundi zima la ng'ombe. Mzee akawaita jina moja moja, na haki ya Mungu, kila aliyeitwa aligeuza kichwa.

Dume lake jeusi likaona huo ni mwaliko. Likapita juu ya uzio, likavuta shuka la hospitali kwenye kamba, likaanza kutafuna. Mzee alicheka huku ameshika tumbo. Sista alijikaza, akashindwa, akacheka kutuzidi.

Tulipomrudisha ndani aliomba uji, akaumaliza. Akanishika mkono.

"Mwalimu, nimeshaaga. Wewe umenieleza mji tu. Mwenye mji huo ni mtu wa namna gani?"

Nikamweleza, polepole, na safari hii maswali alikuwa anauliza yeye. Alifariki siku mbili baadaye, usingizini, mkewe yuko pembeni yake.

Nilichojifunza: kwa mgonjwa wa namna hii, tanguliza masikio, mahubiri yatafuata akiyataka.

Waliowahi kuuguza mniongezee maarifa. Na wa kunicheka wacheke tu, nimestahili.