Meno ya Plastiki

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, mtaani kwetu Makole, mdogo wangu Yona hakuwa na mapenzi mengine duniani zaidi ya chakula. Alikuwa hajatimiza hata miaka miwili, lakini mama akianza kusonga ugali wa uwele, aliacha kila alichokuwa akichezea, akaja kukaa jikoni mdomo wazi kama kinda. Mlenda aliula kwa mikono yote miwili mpaka ukamfika viwikoni, na viwikoni nako akalamba. Baba alikuwa akisema huyu tumpeleke bungeni akale posho.

Siku alipokataa bakuli, tulijua anaumwa. Aliharisha, homa ikapanda, hata maziwa mgando akayageuzia uso.

Wakati huo mji ulikuwa na hofu yake mpya. Ndoo za plastiki, sahani za plastiki na malapa vilikuwa vimejaa sokoni ghafla, na watu wakaamini plastiki hiyo imeingia mpaka kwenye vinywa vya watoto: inaota ndani ya ufizi kama jino, na isipong'olewa mtoto anakufa. Dada yake baba, Shangazi Mbeleje, aliyekuja kutoka kijijini Haneti kutusaidia, aliamini kuliko wote.

"Wifi, huyu ana meno ya plastiki. Mguse ufizi."

"Ana homa," mama akasema. "Kesho nikitoka kazini nampeleka hospitali."

"Wamchome sindano? Mwenye plastiki akichomwa sindano ndiyo anakwisha."

Kesho yake mama alipoondoka tu, shangazi alimbeba Yona, nami nikafuata nyuma. Mtaa wa pili alikaa mama mmoja aliyenoa spoku ya baiskeli kwenye jiwe. Shangazi alimbana Yona kichwa katikati ya mapaja. Ile sauti siielezi. Mwishowe yule mama alikunjua kiganja: vitu viwili vidogo, vyeupe, laini.

"Plastiki hiyo. Mnaiona?"

"Mbona plastiki ina damu?" nikauliza.

Shangazi alinizaba kofi. "Mtoto wa kike mdomo kama redio."

Mama aliporudi hakugombana. Alimchukua Yona vilevile, khanga ina damu, akakimbia naye hospitali, wakalazwa. Ilikuwa malaria. Walimtundikia dripu, wakampa dawa, na siku aliyorudi nyumbani aliomba mlenda.

Kula kwake ndiko kulikoharibu mambo. Alikaa kibarazani akitafuna kwa upande mmoja, na jirani yetu Mama Neema, ambaye binti yake wa umri uleule naye alikuwa anaharisha, akasimama kumtazama.

"Kumbe kweli alikuwa nayo. Ona anavyokula."

"Kapona kwa dawa," mama akamjibu. Akamfungua Yona mdomo, akamwonyesha mashimo. "Ona walichomfanyia, wamemng'oa meno yake yaliyokuwa yanaota. Mpeleke Neema hospitali, nitakusindikiza mwenyewe."

Mama Neema aliyaona mashimo. Lakini aliliona na bakuli tupu.

"Usimsikilize wifi, ana kiburi cha ofisini," shangazi alimwambia baadaye uani. "Twende, nakupeleka mimi."

Neema alizikwa wiki ileile. Tulipotoka msibani shangazi akasema, "Walimchelewesha kumng'oa."

Siku hizi niko chuoni, na kila mdahalo ukigusa mila, hakosekani kijana aliyechomekea shati kuniambia tuheshimu imani za watu. Namwacha amalize, halafu namuuliza: Yona kapona, plastiki imetoka, Neema kafa, kacheleweshwa, sasa hiyo imani inashindwa lini? Najua hospitali zilikuwa zimeanza kudai watu wachangie gharama. Najua shangazi alimpenda Yona, alilia huku amembana. Yote nayajua, na hasira haipoi.

Likizo iliyopita shangazi alikuja. Nikamwamkia, nikampakulia chakula. Yona, mwanamume mrefu sasa, akakaa naye wakitaniana, maana yeye hakumbuki kitu. Mama Neema akapitia kusalimia, akamtazama Yona toka miguuni hadi kichwani.

"Wangu angekuwa hivi," akaniambia taratibu. "Ni mimi, mwanangu. Nilichelewa kumpeleka kung'olewa."

Shangazi aliendelea kula.

Ningemwambia hakuchelewa, angeuliza basi Neema aliuawa na nini. Na ukweli ungemwondolea kosa hilo ili umtwishe la kumpeleka. Nikamkaribisha kiti, nikaenda kumletea sahani.