Mpaka Nyundo Igonge

Bi Barafu hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kazini, miaka ile alipokuwa mwanamke pekee mjini anayeingia kwenye vyumba baridi vya mabucha akiwa na koti zito na mkoba wa spana, asitoke mpaka mashine iungurume tena. Wenye mabucha walimwita hivyo kwa utani, likamkaa. Hata mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alimwita Bi Barafu siku za furaha. Akikasirika alimwita mama watoto.

Nyumba yao waliinunua kwa mkopo wa benki. Ilikuwa na vyumba vitatu, sebule pana, geti la kijani lililotazama barabara ya lami, na uani vyumba viwili vidogo vya kuwekea ndoo, mafriji mabovu na kila kitu ambacho watu hawataki kukitupa. Makubaliano yalikuwa mepesi kuelewa. Benki ilimlipa muuzaji, wao wangerejesha kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka kumi na mitano, na hatimiliki ingekaa benki mpaka deni liishe. Mshahara wa dereva ndio uliobeba marejesho. Kipato cha Bi Barafu kilibeba jikoni, ada za watoto wawili na dawa za mama mkwe, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe.

Mambo yalikwenda vizuri kwa miaka sita. Kisha, kwenye mteremko mmoja wakati wa mvua, lori la dereva liliteleza likalala ubavu mtaroni. Yeye alitolewa hai, lakini mgongo ukawa umeumia vibaya. Mwajiri alimlipa miezi miwili, akamtumia salamu za pole, akaajiri mtu mwingine.

Mwezi wa kwanza bila rejesho, Bi Barafu alipata ujumbe kwenye simu, wa heshima kabisa, wa kumkumbusha mteja mpendwa. Mwezi wa pili alipigiwa. Sauti laini ya kike iliuliza kama kuna shida yoyote ambayo benki ingeweza kusaidia. Alijibu kwamba yuko juu ya ngazi, atapiga yeye akishuka. Akashuka, asipige. Toka siku hiyo kila namba asiyoijua aliiacha ilie mpaka ichoke yenyewe. Alikuwa mtu wa kuingiza mkono kwenye mashine ya umeme bila kupepesa macho, lakini sauti ile laini ilimtia baridi ambayo hakuwahi kuipata kwenye bucha lolote.

Mwezi wa nne ikaja notisi, imepigwa mhuri wa wakili. Ilisema malimbikizo yalipwe ndani ya miezi mitatu, na yasipolipwa, benki itakuwa na haki ya kuiuza nyumba. Dereva aliisoma akiwa amelala, akageukia ukutani. Mama mkwe aliomba asomewe, akasomewa, akakaa kimya, na kwa kuwa si mtu wa kukaa kimya, watoto waliogopa kuliko walivyoiogopa notisi yenyewe.

Kesho yake Bi Barafu alianza kufunga vyombo. Alidhani wanafukuzwa wiki ile ile. Alizungushia sahani magazeti, akapanga masufuria kwenye maboksi, na kwa muda mrefu familia ikala kwenye bakuli mbili za plastiki kwa zamu. Ndugu nao walipiga simu, kila mmoja na lake. Shemeji mmoja alisema wabadilishe kufuli. Mwingine alisema wasifungue geti kwa mtu yeyote mwenye tai. Binamu wa dereva aliapa kwamba benki huwa inatisha tu, ikinyamaziwa inasahau. Huyu ndiye waliyemsikiliza, kwa sababu maneno yake hayakumtaka mtu afanye chochote.

Benki haikusahau. Miezi mitatu ilikwisha, na notisi ya pili ikabandikwa getini: nyumba itauzwa kwa mnada baada ya siku arobaini.

Wiki hiyo hiyo gari jeupe lilisimama nje. Akateremka dalali wa mnada, mtu mnene mwenye viatu vilivyong'aa, pamoja na mthamini aliyeshika kamba ya kupimia. Mama mkwe alichungulia dirishani akanong'ona kwamba wasiitike. Bi Barafu alikuwa amechoka. Alichoka kulala na viatu, alichoka kuruka kila geti likigongwa, na zaidi ya yote alichoka kula kwenye bakuli la plastiki. Akapiga moyo konde, akatoka, akafungua geti lote.

"Karibuni," alisema. "Pimeni. Ila wewe kaka, kwanza nina swali."

Dalali alimtazama kwa tahadhari ya mtu aliyewahi kumwagiwa maji.

"Mpaka lini naweza kuuzuia huu mnada?"

Yule bwana alicheka, si kwa dharau. Alimwambia kwamba katika kazi yake watu humlilia, humtukana, na mmoja aliwahi kumfungulia mbwa, lakini swali hilo ni wachache mno wanaouliza. Akaketi kwenye kiti cha barazani, kikalia chini yake, akamweleza hatua zote kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Benki, alisema, haiamki asubuhi moja ikachukua nyumba. Ukikosa rejesho la kwanza wanakukumbusha, la pili wanakupigia, na wakati huo ndio rahisi kuliko wote, kwa sababu faili bado liko mikononi mwa watu wa tawi lako na wana ruhusa ya kukupunguzia mzigo. Ukifika miezi mitatu mkopo unahesabiwa kuwa mbaya, faili linakwenda kwa wakili, na gharama zake zinaongezwa kwenye deni lako. Ndipo inapokuja notisi ndefu, nayo si hukumu, ni nafasi ya mwisho ya kujipanga kwa utulivu. Ikipita ndipo inakuja ya mnada, nyumba inathaminiwa, tangazo linatoka gazetini, na yeye dalali anaitwa.

"Ile ndefu mliitumia vipi?" aliuliza.

Bi Barafu aliangalia maboksi yaliyokuwa mlangoni. "Tulifunga sahani," alisema.

Dalali hakucheka safari hii. Aliinama kidogo. "Sikia, mama. Siku ya mnada nitasimama hapo getini na nyundo yangu. Mpaka nyundo igonge, nyumba ni yenu. Ikishagonga, hata mimi siwezi kukusaidia. Usije kwangu tena, nenda benki. Nenda leo."

Alikwenda siku hiyo hiyo, na ovaroli yake ya kazi. Ofisa wa mikopo alikuwa mwanamke wa makamo, na alipofungua mdomo tu Bi Barafu akaitambua sauti ile laini ya kwenye simu.

"Nimekutafuta sana, mama," ofisa alisema, bila ukali.

Bi Barafu alikuwa amejiandaa kuomba. Badala yake akajikuta anaeleza, toka lori lilivyolala mpaka bakuli za plastiki. Ofisa naye alieleza ya upande wake. Benki haina haja na nyumba. Mnadani zinauzwa kwa bei ya kutupa, benki inabaki inamdai mtu asiye na pa kulala, na hakuna anayefurahi isipokuwa mnunuzi. Kama familia ingelipa nusu ya malimbikizo kabla ya siku ya mnada, nusu iliyobaki ingeingizwa kwenye mkopo, muda ukaongezwa, rejesho la mwezi likashuka. Mnada ungesitishwa kwa maandishi. Lakini nusu hiyo ingekuja taslimu, si kwa ahadi.

Akiwa njiani kurudi alikuwa tayari anajua nusu hiyo itatoka wapi. Nyumba inayotazama lami ingepangishwa, nao wangehamia uani.

Dereva aliposikia alikataa katakata. Alisema maneno mengi, mengine hayafai kurudiwa mbele ya watoto, na wote walikuwepo. Kwamba yeye ameendesha malori yenye magurudumu ishirini na mbili, amejenga jina, na sasa akaishi chumba cha ndoo huku mgeni akilala kitandani kwake.

"Mama watoto, bora waiuze," alisema. "Wakiiuza angalau watu watasema nimedhulumiwa."

Aliyejibu ni mama mkwe, naye hakujibu kwa maneno. Aliinuka, akaviringisha godoro lake, akalibeba kichwani kupitia sebuleni mbele ya mwanawe, akatoka nalo uani. Wakamsikia akisukuma mafriji mabovu peke yake. Binti mkubwa akamfuata kusaidia, kisha mdogo. Dereva alibaki ameketi sebuleni na mkewe. Mwishowe aliomba apewe fimbo yake ya kutembelea, awafuate.

Mpangaji alipatikana kupitia mwenye bucha mmoja: daktari wa meno, mwanamke mwembamba mwenye haraka, aliyetafuta nyumba ya kando ya barabara aigeuze kliniki. Alipenda sebule, alipenda geti, alikuwa tayari kulipa miezi minane mbele. Wakati wa kutoka akaona tangazo la mnada. Uso ukabadilika, akaaga kwa adabu, akaingia kwenye gari. Kila mtu angefanya vivyo hivyo.

Bi Barafu alimkimbilia akagonga kioo. Hakumficha kitu. Alimwambia pesa zake asimpe yeye, azipeleke benki moja kwa moja, na kabla ya hapo waende wote wawili kwa ofisa, aulize mwenyewe anachotaka kuuliza. Daktari alizima gari. Alikuja kukiri baadaye kwamba mtu anayekuzuia usimpe pesa mkononi ni nadra, akaona afadhali asikilize.

Wakaenda. Ofisa alitaka kwanza ipatikane ruhusa ya benki kwa ajili ya upangaji ule, kwani nyumba iliyo rehani haipangishwi kienyeji, na ruhusa hiyo ilizunguka ofisi hadi ofisi. Bi Barafu aliifuata kama anavyofuata gesi inayovuja kwenye bomba, kiungo kwa kiungo. Akiambiwa iko juu, anapanda. Akiambiwa imeshushwa, anashuka. Ilipofika siku ya mwisho kabla ya mnada, sahihi zilikuwa zimetimia na pesa ya daktari imeingia, pamoja na ile aliyopata kwa kuuza yale mafriji mabovu, ambayo alikuwa ameyatengeneza moja baada ya jingine barazani.

Asubuhi ya mnada watu walikuja hata hivyo, maana tangazo la gazetini lilikuwa limeshatoka. Walisimama nje ya geti kama kumi hivi, wakiiangalia nyumba kwa macho ya kula. Bibi mmoja alikuwa amekuja na fundi wake wa mapazia, wakibishana juu ya rangi. Dalali alifika na viatu vyake vya kung'aa, akapanda kwenye ngazi ya baraza, akakohoa.

"Mabibi na mabwana," alisema, "mnada umefutwa. Mwenye nyumba amelipa."

Manung'uniko yalipita. Mmoja aliuliza kwa hasira mwenye nyumba mwenyewe ni nani. Dereva alikuwa amesimama kando na fimbo yake, amevaa shati lake la kutokea, na watu wakamgeukia. Akanyoosha fimbo ile kumwelekea mkewe.

"Ni huyo," alisema. "Bi Barafu."

Dalali alishuka, akalibandua tangazo getini kwa mkono wake mwenyewe, akamkabidhi. Mama mkwe alipiga kigelegele kilichomtoa fundi wa mapazia mbio.

Maisha ya uani yalikuwa ya kubanana. Watano katika vyumba viwili, mvua ikinyesha bati linapiga kelele hakuna anayesikia mwenzake, na asubuhi kliniki ikifunguliwa walisikia watu wazima wakipiga yowe kuliko watoto. Lakini rejesho lililoshushwa lililipika kwa kipato cha Bi Barafu mpaka kodi ya daktari ilipoanza kuingia tena, na lilipolipwa la kwanza, la pili, la tatu bila kukosa, Bi Barafu alianza kulala bila viatu. Dereva, ambaye hakuweza tena kuketi kwenye lori, alianza kupokea simu za kazi za mkewe. Aligundua kwamba ana kipaji cha kusumbuana na wateja wasiolipa. Aliwaongelesha kwa sauti laini, akiuliza kama kuna shida yoyote ambayo angeweza kusaidia, na walilipa upesi ajabu. Wakaajiri fundi wa pili, kisha wa tatu. Mabucha yakafuatwa na hoteli, hoteli na ghala la dawa.

Mwaka wa tatu daktari alihamia jengo lake mwenyewe. Familia ikarudi mbele mchana mmoja wa Jumapili, kila mtu na godoro lake. Katikati ya sebule daktari alikuwa ameacha sinki jeupe la ukutani, lenye bomba la kupindapinda. Dereva alisema kesho aitwe fundi bomba aling'oe, sebule si mahali pa sinki. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameshaketi karibu nalo na kunawa mikono mara mbili, alisema atakayeligusa atamtambua yeye ni nani.

Bi Barafu aliwaacha wakibishana. Alikwenda jikoni, akafungua maboksi, akaanza kuzitoa sahani kwenye magazeti, akizipanga kabatini zote, hata zile za wageni.