Spika Yatunzwa, Mwimbaji Auza Mihogo

SAA kumi na moja alfajiri, na kando ya Soko la Kariakoo kila mtu anapiga kelele. Wapagazi wanaomba njia, wauza nyanya wanataja bei, utingo wa lori anagombana na mwenye mkokoteni. Katikati yao amekaa mwanamke mwenye kanga mbili na sufuria kubwa ya mihogo ya nazi, na hasemi neno.

Wateja wake wamezoea. Mtu ananyoosha kidole kimoja, anapewa kipande kimoja. Akinyoosha viwili, anapewa viwili. Akitaka pilipili anagusa ulimi wake. Mgeni akiuliza kama mama huyu ni bubu, wenyeji wanacheka na kumwambia angoje Jumapili.

Jina lake ni Zamzam Shaibu. Ana umri wa miaka arobaini na sita, na ndiye mwimbaji wa kikundi cha taarab cha Sitara, hapa hapa Kariakoo. Kwa muda wa miaka mingi amejiwekea sharti la kutofungua kinywa mpaka adhana ya adhuhuri.

"Sauti ni maji ya mtungi, mwanangu," anamwambia mwandishi wa makala haya mchana, sufuria ikiwa imebaki ukoko. "Ukiyachota yote asubuhi, jioni utaoga nini? Hawa wenzangu wanapiga kelele kuuza mihogo. Mimi sauti yangu ina kazi nyingine."

Kazi hiyo ndiyo iliyomleta mwandishi sokoni. Maana sauti ambayo mama huyu anaibania hata kumwambia mteja karibu, kuna watu wanaivuta kwa waya na kuiuza, na mwenyewe hapati hata ndururu.

Zamzam alikuja Dar es Salaam kutoka Lindi akiwa bibi harusi. Mume alirudi Lindi, yeye akabaki na binti wa kulea na sauti ya kuwalisha wote wawili. Alianza kuimba kwenye harusi za uwanjani Magomeni, siku ambazo kipaza sauti kilikuwa kitu cha mikutano ya hadhara tu. Unasimama mbele ya watu, unajaza kifua, aliyekaa nyuma kabisa asikie.

Sitara walimchukua na kumpa kiti jukwaani. Tangu magari ya binafsi yazuiwe Jumapili mchana ili kuokoa petroli, taarab yao hupigwa alasiri, watu waje na warudi kwa miguu. Kiingilio ni shilingi kumi. Humo hutoka kodi ya ukumbi, na kinachobaki wapigaji hugawana. Lakini riziki ya mwimbaji wa taarab haitoki mlangoni. Inatoka kwenye tuzo.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa, ila kwa wale wa bara: ubeti ukimgusa mama, huinuka na noti yake, akacheza taratibu mpaka jukwaani na kumkabidhi mwimbaji mkononi. Mwimbaji naye humrudia ubeti ule ule, na ukumbi mzima ukageuka kutazama umempata nani. Ni heshima ya pande mbili. Anayetunza anaonekana, na anayetunzwa anakula.

Mambo yaliharibika mwaka jana mtambo wa kukuza sauti wa kikundi ulipokufa. Kiongozi wa Sitara, Mzee Bakili, ambaye pia ndiye mpiga fidla, anasimulia akiinamisha kichwa.

"Dukani hakuna kifaa hata cha dawa," anasema. "Akaja kijana Onesphory, fundi redio wa mtaa wa pili. Akaufufua mtambo kwa vipuri vya redio mbovu, na fedha akakataa. Akasema anaomba avute waya mmoja tu mpaka dukani kwake, apate kutusikiliza akifanya kazi. Nikamwambia vuta. Nani angemkatalia mtu aliyekutendea wema?"

Waya mmoja ukazaa. Kutoka dukani ukapanda bati la jirani, ukavuka uchochoro, ukaingia kwenye baa, kisha hoteli ya chai, kisha baa nyingine. Leo mabaa na hoteli saba za Kariakoo zina spika ya Onesphory ukutani, na kila moja inamlipa shilingi mia kwa mwezi. Jumapili alasiri watu wanakaa huko, wanaagiza soda na bia, na wanamsikia Zamzam akiimba wakati huo huo anapoimba. Ukumbini, ambamo zamani watu waligombea viti, sasa viti vinagombea watu.

"Mwanzoni sikukasirika," anasema Zamzam. "Nilisema watu wana shida, shilingi kumi ni fedha. Nilikasirika siku Josepha aliponiletea habari ya sahani."

Josepha ni mhudumu katika mojawapo ya hoteli hizo za chai, na ni mteja wa mihogo. Aliyaona kwa macho yake. Zamzam alikuwa ukumbini akiimba ubeti unaopendwa mno siku hizi:

Wajisifu kwa pilau, na sufuria si yako,
Kuni umeazimwa tu, na moto wa mwenzi wako.

"Mama mmoja alisimama na noti ya shilingi ishirini," anasema Josepha. "Akacheza pole pole mpaka kwenye spika, akaiweka juu yake. Akangoja arudiwe ubeti. Nikamwambia, mama, hilo boksi halirudii. Akanijibu, mwanangu, mkono wa tuzo umeshanyooka, nitaurudishaje?"

Mwingine akamfuata, na mwingine. Wanawake wa Kariakoo hawawezi kuusikia ubeti wao wakakaa na noti zao kama waliofiwa. Jioni mwenye hoteli alizikusanya noti zile akagawana na Onesphory. Jumapili iliyofuata, chini ya spika palikuwa na sahani ya bati iliyotandikwa kitambaa cha kufuma.

Mwandishi hakwenda katika hoteli ile kutafuta ugomvi. Alikwenda kunywa chai. Lakini aliiona sahani ile kwa macho yake, safi, imewekwa kama ya sadaka, na tangu siku hiyo hajatulia. Mtu aliketi akafikiri, akatafuta sahani, akachagua na kitambaa. Huo si ubahatishaji, ni wizi uliopigwa pasi.

Onesphory mwenyewe si mtu wa kujificha. Ni kijana mpole wa kutoka Rombo, na duka lake limejaa redio zilizopasuliwa matumbo.

"Bi Zamzam namheshimu kama mama yangu mzazi," anasema akichomelea waya. "Lakini nani alikuwa anamjua nje ya mtaa huu? Leo wanamsikia mpaka mtaa wa Gerezani. Mimi ndiye ninayemtangaza. Na watu hawanilipi wimbo, wananilipa waya. Waya wangu, spika zangu, na solda siku hizi inatafutwa kama sukari."

Na sahani je? Onesphory anapuliza solda. "Mtu akiweka fedha yake juu ya spika yangu, nimwambie nini?"

Mwambie ampelekee mwenyewe, ndugu yangu. Ukumbi uko hatua chache. Hawakulipi wimbo, unasema. Basi Jumapili moja wapelekee waya mtupu, uone kama watakulipa hiyo mia au watauanikia nguo.

Shauri lilifika ofisi ya tawi la chama Jumanne ya wiki juzi. Mwandishi alikuwapo, nyuma kabisa. Onesphory alipoingia alimwamkia Zamzam shikamoo, naye akaitikia kwa kuinamisha kichwa, maana hasira ni hasira na adabu ni adabu. Katibu wa tawi aliwasikiliza wote, Mzee Bakili akieleza kwa niaba ya Zamzam, kisha akakohoa kidogo na kutoa hotuba.

"Ndugu zangu, ngoma na nyimbo ni utamaduni wetu," alisema. "Na utamaduni ni mali ya umma. Huyu kijana anaufikisha kwa wananchi ambao hawana shilingi kumi. Sasa, Ndugu Zamzam, hatuwezi kurudi kwenye ubinafsi."

Zamzam alisimama. Ilikuwa saa nne asubuhi, na hapo ndipo wateja wake waliokuwa madirishani walijua mambo yamekuwa makubwa, kwa sababu alisema.

"Ndugu Katibu, kama sauti yangu ni mali ya umma, mbona sahani ni ya watu wawili?"

Katibu alipangusa miwani. Akasema shauri lina uzito, litasikilizwa tena, na kwa sasa kila mmoja aendelee na shughuli zake. Maana yake Onesphory aendelee kuvuna, na Zamzam aendelee kupanda. Mwandishi ameiona siasa hii katika maofisi mengi: koo la mnyonge linataifishwa asubuhi, droo ya mwenye mtaji inaachwa ipumzike.

Mwenye ukumbi naye akatoa lake. Kodi isipotimia mwisho wa mwezi, Sitara watoke.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita Zamzam alifanya alichofanya.

Wapigaji walipanga vyombo kama kawaida. Mtambo uliwashwa, taa yake nyekundu ikaonekana. Ukumbini hawakufika hata watu thelathini. Zamzam alipanda jukwaani na kanga begani, akakifikia kipaza sauti, akakipita. Akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa, karibu na magoti ya watu, na kuwaashiria wapigaji wamfuate. Mzee Bakili alivuta kiti chake huku fidla ikiwa kwapani. Wa udi na wa dumbaki wakasogea. Kipaza sauti kikabaki peke yake nyuma yao, kinasikiliza miguu ya viti.

Ndipo akajaza kifua kama siku zile za Magomeni.

Kwenye mabaa na hoteli saba ikasikika mikwaruzo na mtu anayekohoa mbali. Josepha anasema wateja walikuwa wameshakaa mkao. "Wakaanza kulipiga lile boksi makofi. Mmoja akasema betri imekufa. Mama wa ile noti ya kwanza akasimama mlangoni, akatega sikio upande wa ukumbi. Akaniambia, nishikie chai yangu. Hajairudia mpaka leo."

Hakwenda peke yake. Walikuja kwa makundi, wakilalamika, wengine na chupa za soda mkononi, wakakuta mlango una mtu na kiingilio kina bei. Si wote waliolipa. Wapo waliosimama dirishani, na Zamzam hakuwajali. Dirisha halijawahi kuweka sahani. Lakini viti vilijaa, na ubeti wa pilau ulipofika, akina mama walipanga foleni ya tuzo mpaka katikati ya ukumbi, na kila mmoja alirudiwa ubeti wake.

Onesphory hakuwa na habari. Aliletewa malalamiko, akadhani waya umekatika. Akachukua koleo na ngazi, akapanda bati la kwanza, akakuta waya mzima. Akafuata mpaka bati la pili, mzima. Alishuka, akapanda, akavuka uchochoro, watu chini wakimwelekeza kwa vidole na kucheka, mpaka waya ukamfikisha mlangoni mwa ukumbi.

"Mimi fundi," alimwambia mama wa mlangoni.

"Fundi umeitwa na nani?"

Alichungulia ndani, akakiona kipaza sauti kimesimama pweke na taa ya mtambo inawaka. Mwandishi alikuwa hatua mbili kutoka kwake na alimwona usoni. Alitia mkono mfukoni, akatoa shilingi kumi, akaingia, akasimama ukutani na koleo lake mpaka mwisho. Ubeti wa pilau ulipopigwa mara ya nne, aliangalia chini.

Ingekuwa vyema makala haya yaishie hapo, kwa kicheko. Hayawezi.

Jumatatu alfajiri Zamzam alikuwa sokoni na sufuria yake, kimya kama siku zote. Wateja walinyoosha vidole, wengine wakampongeza, naye akatikisa kichwa. Adhana ya adhuhuri ikapita. Mwandishi akakaa kwenye kigoda, akangoja salamu. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama wa spika za Onesphory.

Alipimwa koo mwaka jana hospitalini, Upanga, akaambiwa asilikaze tena. Uwanjani Magomeni alikuwa na miaka ishirini. Leo ana arobaini na sita, na moshi wa kuni wa kila alfajiri. Ili kuthibitisha kwamba sauti ni yake, imembidi aiharibu. Mwenye waya alipoteza shilingi kumi.

Shauri linasikilizwa tena Jumatano hii. Zamzam atakwenda, na Mzee Bakili atamsemea. Hataki nyaya zikatwe. Anataka kila baa na hoteli ilipe fungu kwa Sitara kwa kila Jumapili, Onesphory alipwe ufundi wake kama fundi yeyote, na tuzo zote za sahani ziletwe jukwaani na waliozitoa watajwe majina. Anasema akina mama wale walitunza kwa haki, na wanamdai beti zao.

Na wakisema tena kwamba sauti ni mali ya umma?

Anapangusa mdomo wa sufuria kwa pembe ya kanga. Inabidi kumwinamia ili kumsikia.

"Jumapili nitaimba tena bila kipaza," ananong'ona. "Na Jumapili nyingine. Koo likikatika, tutaona nyaya zao zitaimba nini."